Nusu Saa Hadi Lamu

Jumatatu, 4 Agosti
Mizani imeamka na wazimu wake. Mzigo wa kilo kumi na tano inausoma kumi na saba. Naipiga kofi, inatulia. Abiria tisa wa Lamu leo, wageni watupu. Mmoja akauliza safari ni ya muda gani. Nusu saa, nikamjibu. Miaka minane napima mizigo uwanja huu wa Malindi na kusema nusu saa, kana kwamba nimewahi kupanda. Kwetu Lamu nilikwenda mara ya mwisho Idi ya mwaka jana. Kwa basi.

Jumanne, 5 Agosti
Dada yangu Khadija kapiga simu. "Shikamoo kaka. Baba hali kitu ila uji. Kila akisikia ndege yashuka uwanjani Manda, aniambia nitoe kikombe cha pili, Bakari yuaja."
Mwambie Jumamosi, nikasema. Ni nusu saa tu, na wafanyakazi hupewa kiti kikibaki. Jumamosi iliyopita nilisema hivyo hivyo. Nimejichukia.

Alhamisi, 7 Agosti
Meneja kaniita. Wageni wanne kutoka ufuo wa Bofa wanasafiri kesho na mabao yao ya kuchezea mawimbi. Mizigo mizito kupita kiasi, lakini wameshalipia ziada. Nikaiandika kwenye karatasi ya uzito. Nikatia sahihi bila kubisha. Mimi na kubisha wapi na wapi.

Ijumaa, 8 Agosti
Baba amefariki kabla ya alfajiri. Kuzika ni baada ya swala ya Ijumaa. Mwana wa kiume ni mimi peke yangu. Ni mimi wa kushuka kaburini kumpokea. Nikamwambia Khadija wanisubiri, saa nne na nusu nitakuwa Manda.

Kiti kilikuwepo. Uzito ndio uliojaa. Rubani akasoma karatasi, yenye sahihi yangu, akatikisa kichwa. Nikamwomba meneja mabao mawili yabaki hadi kesho. "Pole sana, Bakari. Lakini wageni washalipa." Mabao nimeyapakia mwenyewe, kwa mikono hii. Ningeweza kuyabwaga pale pale na kupanda. Sikuthubutu. Mwoga mkubwa. Kiti kikaenda Lamu kitupu.

Basi la saa tano. Kizuizi cha polisi, shuka, toa kitambulisho, panda. Kizuizi kingine. Tulipofika Witu simu ikaita. Wameshazika. Aliyeshuka kaburini ni Athumani, mume wa Khadija. Baada ya swala walinisubiri nusu saa, kisha imamu akasema basi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda makaburini asubuhi. Udongo bado mbichi. Watu wananipa pole huku macho yao yanasema mengine. Mzee mmoja, jirani yetu, akauliza, "Si wewe wafanya kazi kwenye ndege?" Nikasema ndiyo. Meneja kanitumia ujumbe: Jumatatu niwahi, abiria ni wengi. Sijamjibu. Namchukia, na mimi najichukia zaidi.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi nimekaa barazani na Khadija, tunakunywa kahawa. Saa nne na nusu ndege ikasikika inashuka Manda. Khadija akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikombe kingine. Akasimama nacho. Mimi kikombe changu kilikuwa mkononi. Akakirudisha ndani.