Kisomo Katika Shule ya Baba

Dada Paskazia,

Shikamoo. Ng'ombe wazima, mvua bado.

Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, mgambo wamechoma nyumba zetu za zamani ili tusirudi. Imebaki shule aliyoijenga baba. Shule yenye wanafunzi hawaichomi, kwa hiyo sisi watu wazima tunaijaza kila siku kwa kisomo. Hata mama anakuja, na ubao wenyewe hauoni.

Leo mgambo mmoja amekaa mlangoni na kiberiti mkononi. Mwalimu, kwa hofu, katuambia tuandike chochote. Nakuandikia wewe.

Sasa mgambo anasema, "Kila mmoja anisomee alichoandika."

Mama ameinua karatasi tupu, anasoma: a, e, i, o, u.

Anayefuata ni mimi.

Mdogo wako,
Masolwa