Breki ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 4 Machi

Bado sijachagua baiskeli. Wiki ya tatu sasa. Mke wangu kaniambia asubuhi, huku akipiga viatu rangi, kwamba mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kwamba jembe halina gia kumi na moja. Hakucheka.

Tatizo ni njia yangu. Kilomita tisa za lami mpaka ofisini, kisha kilomita sita za udongo na kokoto kandokando ya bomba kuu la maji. Kazi yangu ni hilo bomba: kulikagua, kusikiliza linapovuja, kuandika ripoti. Baiskeli ya lami itazama kwenye tope. Ile ya milimani, yenye matairi manene, ukiiendesha kwenye lami ni kama unasukuma kabati. Katikati ya hizo mbili ndipo ilipo saiklokrosi. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, lakini tairi lina meno, breki ni za diski, na fremu ni nyepesi, unaweza kuibeba begani. Begani! Njia ya bomba ina vizuizi vya chuma kumi na viwili. Nimevihesabu.

Ofisini wameshaanza kuniita Bingwa. Sijakanusha.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa Mzee Spoku, fundi baiskeli. Mtu asiye na haraka kabisa. Anaishika baiskeli kama daktari anavyoshika tumbo la mgonjwa, kisha anakaa kimya mpaka uanze kuogopa.

Ana saiklokrosi mbili. Ya kijivu ina matundu ya kufungia madigadi na karia, nzito kidogo. Nyekundu ni ya mashindano hasa, haina tundu hata moja, unaiinua kwa vidole viwili. Akasema kwa mtu wa kwenda kazini kila siku ni hiyo ya kijivu, maana mvua haiogopi rangi nyekundu, utafika na mgongo wote matope. Nikamsikiliza vizuri sana. Nikachukua nyekundu. Kanipa niijaribu kwa siku kumi kabla ya kukata shauri.

Halafu nikamwomba abadilishe breki. Baiskeli zote za hapa breki ya mbele iko mkono wa kushoto, ya nyuma mkono wa kulia. Lakini nimeona kwenye video wanamashindano wakishuka baiskeli ikiwa bado inakwenda — mkono wa kulia unakamata fremu, wa kushoto unabaki kwenye breki. Hapo wengine wanataka kushoto kuwe breki ya nyuma, isiwarushe. Mzee akaniuliza kama nimewahi kushuka namna hiyo. Nikasema mara nyingi tu. Uongo mtupu.

Akabadilisha. Ila alifunga kadi ya manjano kwenye usukani, kwa waya: BREKI YA MBELE NI KULIA. Akasema akipanda mtu mwingine nimwambie kwa mdomo wangu, kadi ni nyongeza tu.

Ijumaa, 8 Machi

Kizuizi cha kwanza. Mguu wa kulia ulipita juu ya kiti vizuri, kama kwenye video. Wa kushoto ukabaki kwenye pedali. Nikaanguka kiubavu kando ya bomba, na kwa kuwa sikio lilikuwa pale pale, nikasikia kwamba halivuji. Vizuizi kumi na kimoja vilivyobaki nilishuka kama bibi harusi.

Ofisini dereva wa lori akaisoma kadi kwa sauti mbele ya watu. Akauliza kama viatu navyo nimeandikiwa kipi ni cha kulia. Walicheka mpaka karani akafuta machozi. Nami nikacheka, maana ningefanya nini.

Mchana, walipokwenda kula, niliukata ule waya kwa koleo nikaitupa kadi kwenye pipa la taka.

Jumapili, 10 Machi

Nimekifunga kitabu hiki mara mbili. Naandika hivyo hivyo.

Dada alikuja asubuhi. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, mimi nina miaka saba, yeye kumi na mitano. Anatengeneza meno ya bandia. Nusu ya wazee wa mtaa huu wanatafuna kwa kazi ya mikono yake. Baiskeli yake ilikuwa na pancha, na alikuwa na meno ya kupeleka, mzee mmoja alikuwa anayangoja ili aweze kula. Akauliza kama achukue yangu. Nikasema chukua tu, dada.

Nilikumbuka. Hili nataka liandikwe mahali, hata kama ni humu peke yake. Sikusahau. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, yeye ameshashika usukani, na maneno yalikuwa mdomoni. Lakini angeuliza kwa nini breki ziko kinyume. Ningesema ni za kushukia kwa kasi. Angesema, hebu shuka nione. Angecheka, angemwita mke wangu naye aje acheke. Nikajiambia kwamba dada haendi kasi. Nikanywa chai.

Kwenye mteremko wa shule gari lilitoka getini kinyumenyume. Dada akabana kulia kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea maisha yake yote, akijua anashika gurudumu la nyuma. Akashika la mbele. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea.

Kifundo cha mkono wa kulia. Kimevunjika mahali pawili.

Jumatatu, 11 Machi

Plasta wiki sita. Daktari kasema mkono utapona, ila hawezi kuahidi kwamba utageuka kama zamani. Dada akamuuliza kama utaweza kushika kisu kidogo cha kuchongea nta ya meno. Daktari akasema tungoje tuone. Dada mwenyewe akatuambia, huku anatabasamu, kwamba yale meno yalipatikana majanini, mazima, yanacheka. Nilitoka nje.

Shemeji, mume wake, ameikagua baiskeli akagundua zile breki. Akaniuliza mbele ya wote. Nikakiri kwamba niliomba mimi. Dada akasema, sasa mdogo wangu, mbona hukuniambia? Nikasema nilisahau. Akasema basi, kusahau kumeumbiwa binadamu.

Shemeji hakuishia hapo. Fundi alikuonya? Alikuwekea hata alama?

Nikasema hapana.

Ilitoka yenyewe, nyepesi. Naona haya kuliandika hata hilo neno.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji alikwenda karakana jana, akapayuka mpaka wapita njia wakasimama. Mzee Spoku akasema kadi aliifunga. Shemeji akamuuliza iko wapi. Dada hakuiona, na mimi mwenyewe nimesema haikuwepo. Mzee hakubishana. Alikaa juu ya kopo la rangi akawa anatazama vidole vyake. Hivyo ndivyo anavyosimulia shemeji, tena kama ushindi. Mtaa mzima sasa unajua kwamba fundi yule kazeeka.

Dereva wa lori, aliyeisoma kadi kwa macho yake, yuko safarini mpaka wiki ijayo. Hajui habari za dada. Nimemwombea safari njema, na najijua kwa nini.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda kazini kwa miguu. Mwendo wa karibu saa mbili. Karani akaniuliza Bingwa kulikoni. Nikasema pedi za breki zimeisha. Uongo una watoto wengi kuliko sungura.

Nimemwosha dada nywele jioni, maana kwa mkono mmoja hawezi. Akasema nina mikono mizuri, ningefaa kutengeneza meno. Nikajifanya natafuta taulo.

Jumamosi, 16 Machi

Nipo chooni kwa Mzee Spoku. Naandika nimesimama, kitabu kwenye ukuta.

Shemeji ametuleta wote, dada na plasta yake, ili mzee akiri mbele ya aliyeumia. Tumekuta baiskeli za wateja zimepangwa nje, wenyewe waje wazichukue. Tangu Jumanne hajagusa breki ya mtu. Amemkalisha dada kwenye kiti chake, akamwomba radhi kabla shemeji hajafungua mdomo. Halafu akasema jambo moja, polepole. Kwamba anajiona kabisa akiifunga ile kadi. Lakini amefunga kadi kama hizo miaka thelathini, huenda anaona mikono yake ya siku nyingine. Na kama aliisahau hii, basi anafunga mlango leo, kwa sababu mtu asiyeikumbuka kazi yake hafai kushika breki za watu.

Shemeji akavua kofia yake. Sijawahi kumwona akimvulia mtu.

Mzee akanigeukia. Mwanangu, akasema, mimi na wewe tu ndio tulikuwepo. Niliifunga au sikuifunga? Utakalosema nitaliamini.

Nikasema naomba kwenda chooni.

Sabuni yake ni ya kuondolea grisi, ina mchanga mchanga. Nimenawa nayo mara mbili. Kupitia dirisha naiona nyekundu, aliyoirudisha shemeji, imelala juu ya nyingine, usukani umepinda. Nasikia mzee akisogeza kopo ili dada aweke mguu.

Neno moja tu. Niliitupa mimi. Ni maneno mawili. Hata mawili si mengi.

Dada anagonga kwa mkono wake mzima. Anasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: toka mdogo wangu, hakuna anayekulaumu wewe.

Nimevuta maji tena.