Mtu wa Pembeni Kwenye Picha ya Pamba

Mwangaluka, Mwalimu.

Najua hutajibu. Hata hivyo kila asubuhi nikifungua mlango wa studio nakusalimia hivyo kwa Kisukuma, halafu nasubiri kidogo kabla ya kuwasha taa, maana ulikuwa mtu wa kuitikia polepole. Deo, fundi simu wa mlango wa pili, ameshanisikia mara nyingi na ameshazoea.

Studio ipo ila kamera haipo. Baada ya matanga yako Limi aliondoka nayo kwenda Mwanza, na ni haki yake, ni binti yako. Mimi sasa napiga picha za pasipoti kwa simu. Maofisini wanazikataa, eti nyuso zimevimba, na wateja wananirudia wamenuna. Mwenye nyumba ameanza kuniuliza kama kweli tunaendelea. Ndipo nikasikia kuna mashindano ya picha za mavuno, na mshindi anapewa kamera mpya. Sikumaliza hata kusoma tangazo, nilishajua picha ya kupeleka.

Ni ile tuliyopiga kijijini Kasoli. Yule mama wa kitenge cha njano, gunia lake la pamba linaning'inia kwenye mizani, naye kafumba jicho moja asije akapunjwa. Jua lilimchoma upande mmoja wa uso, upande wa pili ukawa giza. Ukanipa kamera, ukachukua lile shuka jeupe la studio, ukasimama pembeni na kulinyanyua ili limrudishie mwanga. Ukasema, ukiniita mama kama kawaida yako, "Piga, mayu, mkono unauma." Nikapiga. Kuja kuangalia, na wewe umo, kuanzia kofia mpaka kiunoni, macho yote kwa yule mama. Ukaniambia niifute. Hukupenda kabisa kupigwa picha. Kila tukikuomba ulisema, "Mpiga picha akiingia kwenye picha, nani kabaki kazini?" Kwa uvivu tu sikuifuta, nikaisahau.

Presha ilipokuangusha, tulitafuta picha yako ya kuweka juu ya jeneza. Tulipekua maboksi yote. Tulikuta sura za Bariadi nzima, maharusi, watoto wa komunio, wazee walioshika fimbo, na wewe humo. Ikabidi nikutoe kwenye ile ya Kasoli, kama tulivyowatoa marehemu wa watu kwenye picha za harusi. Niliondoa shuka, nikaondoa kofia, nikakuvisha ile suti ya bluu iliyomo kwenye kompyuta, ambayo tumewavisha wafu wote wa mji huu. Ilikubana mabegani. Nililia huku narekebisha kola.

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwako, na inatutesa. Unaangalia pembeni, Mwalimu. Mgeni akiingia anaitazama, halafu anageuka kuona unachokiangalia, anakuta ukuta mtupu kando ya mlango. Mama Limi aliniambia, "Kabula, mzee haniangalii. Anaangalia mlango kama mtu anayetaka kutoka." Akaihamishia ukuta mwingine, ukawa unaangalia chumba cha kulala, akashindwa kupata usingizi, akairudisha. Hata mimi nikienda pale nageuka, wakati najua fika ulikuwa unamwangalia nani.

Basi nikarudi kwenye mashindano. Masharti yalisema hairuhusiwi kuongeza wala kuondoa kitu chochote ndani ya picha. Kupunguza kingo ruksa, lakini nikikupunguza wewe na mizani inakatika. Deo akasema, "Mfute tu, nani atajua? Huyo mzee anaharibu picha." Hakuwa na nia mbaya, na mimi nilikuwa naitaka ile kamera. Nikakuzungushia alama, nikabonyeza. Kompyuta ikajaza pamba mahali ulipokuwa umesimama, pamba safi, kama vile hakuna mtu aliyewahi kupakanyaga.

Lakini kivuli chako kilibaki. Kilikuwa kimelala juu ya pamba, na kofia yake, na mkono wake umenyanyuliwa, hakina mwenyewe. Nikakumbuka yule mwanamume wa Bukundi aliyekuja akitaka mkewe aondolewe kwenye picha ya familia. Ulimuuliza, "Na kivuli chake tukipeleke wapi?" akaondoka amekasirika. Ningeweza kukifuta na chenyewe, ni kazi ndogo. Sikuweza, Mwalimu. Nilikuwa nimeshakuzika mara moja.

Nikakurudisha, nikaipeleka ilivyo. Penye nafasi ya maelezo nikaandika jina lako na kazi uliyokuwa unafanya.

Jibu limekuja juzi. Wamesema ni picha nzuri, uso wa mama una mwanga wa kupendeza, ila mtu asiyehusika aliyeingia pembeni anavuruga macho. Mtu asiyehusika. Na huo mwanga wanaousifia ni nani aliyekuwa ameushika? Nilikasirika mpaka Deo akafunga redio yake. Kisha nikakukumbuka sana, nikakaa kwenye kiti chako cha wateja nikalia mchana kweupe, mlango wazi.

Kamera sina. Nitaendelea na simu yangu mpaka mwenye nyumba achoke au mimi nichoke. Ila nimeichapisha ile picha ya Kasoli, kubwa, yote, na wewe ndani yake. Jumapili nikitoka kanisani naipeleka kwa Mama Limi. Tutaitundika kwenye ukuta ule unaouangalia, ili macho yako yapate pa kufika, umwone yule mama na gunia lake, na wageni wakigeuka wakute kitu. Nimemwambia Mama, amesema nije mapema.

Nakuahidi sitakutoa tena mahali uliposimama, hata anayeomba awe nani.

Lala sasa, Mwalimu. Shusha mkono. Picha nimeshaipiga.

Kabula wako