Nitampigaje Babu Mbele ya Bibi?

Shangazi Restuta, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana nimebanwa na sina wa kumweleza, rafiki zangu wakisikia watanicheka mpaka niuhame mji.

Mimi ni kijana wa Mtanda, hapa Lindi, nauza viatu vya mtumba sokoni na naishi na bibi mzaa baba, Binti Mfaume, ambaye ndiye aliyenilea, na kwa kuwa nimerithi jina la marehemu babu, Abdulwahab, bibi huniita mume wangu na nikichelewa kurudi huniuliza nimeoa wapi. Tangu biashara huria iingie vitu vya Dubai vimejaa madukani, nami nikapata mashine ya gemu, na gemu nililolipenda lilikuwa la shujaa mwenye upanga anayezunguka nchi akipigana na majitu, anakusanya silaha, anapanda daraja, na mwanzoni kabisa unaombwa umpe jina, nami nikaandika Abdulwahab. Bibi akauliza nimeandika nini, nikamwambia jina la babu, basi shangazi, kosa langu lilianzia hapo, kwa sababu kuanzia siku hiyo yule hakuwa shujaa tena, alikuwa babu. Kila alasiri bibi akishaswali anakuja na ukili wake, anakaa nyuma yangu anasuka mkeka, babu akijeruhiwa anasema, "Mpe dawa, unangoja nini?", babu akipita karibu na mzee yeyote lazima nisimamishe vita nimwamkie, na hata mwendo, maana yule shujaa anatembea bega moja limeinuka, bibi alisema ni ule ule wa marehemu. Tulimaliza, babu akaokoa nchi, bibi akapika ubwabwa akawagawia majirani, na wengine mpaka leo hawajui walikula kwa sababu gani.

Sasa rafiki yangu Jerome kaniletea gemu la pili kutoka Dar, na humu shujaa ni kijana mwingine, aliyelelewa na mama peke yake baada ya baba kuondoka, anamsaka mfalme dhalimu mwenye kinyago cha chuma. Siku ya kwanza bibi akauliza, "Babu yako yuko wapi humu?" Sikujua, nikasema amekwenda Mafia kununua nazi, kwa sababu ndivyo tunavyoambiwa kwetu, kwamba babu alikaa Mafia miaka mingi kwa biashara ya nazi wakati baba yangu yuko mdogo. Bibi akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi. Tukaendelea, na yule mfalme bibi akamchukia kuliko nilivyowahi kumwona akimchukia mtu, anamwita mla raha, na alipomwona anatembea kwa mara ya kwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo usimwachie."

Jumapili bibi alikwenda msibani, nikatangulia peke yangu mpaka mlango wa mwisho, mfalme akavua kinyago, uso ule ule wa shujaa wetu wa kwanza, na juu ya kichwa yakatokea maandishi: ABDULWAHAB. Kumbe kadi ya kumbukumbu ya mashine imelibeba jina kutoka gemu la kwanza, yule tuliyemhangaikia kwa dawa ndiye aliyegeuka dhalimu, kijana ni mwanawe aliyemtelekeza, na gemu haliishi mpaka umuue. Nikazima. Tangu hapo namwambia bibi umeme mdogo, na taa anaiona inawaka. Ijumaa amealika kina mama wa jirani waje kuona mwisho, na mchele ameshauchagua. Je, niseme CD imekwaruzika? Nifute kadi, na babu yule wa kwanza aliyeokoa nchi apotee kabisa? Au nimpige babu mbele ya mkewe? Bibi ni mzee, shangazi, na sina mwingine. Naogopa nitamvunja moyo.

Aliyekwama Mlangoni,
Mtanda, Lindi

SHANGAZI RESTUTA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole. Kijana anayesimamisha vita ili amwamkie mzee amelelewa akaleleka, na hofu yako ni ya mtu anayempenda bibi yake. Hapo nimemaliza kukusifu.

Wewe ni muuza viatu, kutwa unatazama miguu ya watu, halafu unadhani bibi yako hajui mwendo wa mume wake? Kinyago kinaficha uso, bega hakilifichi. Wewe ndiye uliyehitaji maandishi. Bibi alimjua siku ile aliponyamaza, na tangu hapo anasuka mkeka wake na kungoja ufike.

Na hebu nikuulize, nazi gani hizo zinanunuliwa kwa miaka mingi, mke na mtoto wakiachwa nyumbani? Bibi alipocheka ulidhani umemchekesha. Ulimrudishia uongo ule ule aliopewa yeye akiwa na mtoto mgongoni, tena ukampa wewe mwenye jina lile lile la aliyemdanganya. Nami pia ningecheka, maana kulia kulishakwisha.

Usinielewe vibaya. Bibi alimpenda mumewe, ndiyo maana jina lake unalo wewe, na alipookoa nchi alimpikia ubwabwa. Mtu humwombea marehemu rehema na bado akabaki na neno lake kooni. Ila hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa nyumba nzima mmekula nazi za Mafia mkashiba.

Kwa hiyo kadi usiifute, na CD usiisingizie. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye taa inayowaka. Leo hii, kabla wageni hawajafika, kaa naye mkekani umwambie jina lililotokea. Kisha umuulize habari za Mafia, halafu funga mdomo wako usikilize mpaka amalize, hata kama viatu havitauzwa.

Akisema mwisho usionyeshwe, wageni wale ubwabwa waende zao. Akisema uonyeshwe, pigana na huyo mzee mpaka libaki pigo moja tu la kummaliza. Hapo simamisha, mpe bibi kile kidude cha kuchezea, mwonyeshe kitufe cha upanga, nawe usogee pembeni. Pigo hilo si lako.

Akishalitoa, msomeeni marehemu Fatiha, ndipo mle.