Mikono ya Mukwe

Likasi, mwezi wa tano, 1983

Élise, bibi yangu, mama ya Claire,

Minye niko muzima, kuchoka tu. Hii masomo ya graduat ya kutunza bagonjwa inamaliza muntu: asubui masomo, kisha stage, kazi ya kujifunza ku hopital, mpaka usiku. Unga yenye ulituma kutoka Kapolowe ilifika. Mutoto wetu Claire aache kulia juu ya viatu, nitaleta.

Leo ilikuwa examen, mtihani: kuosha mugonjwa mwili muzima na kumufunga kidonda. Mwalimu akanipatia kitanda ya karibu na dirisha. Nikasogea na beseni ya maji ya moto. Alikuwa mama yako. Kaka yako Nicolas alimuleta jana, ugonjwa ya sukari imemuharibu mguu.

Unajua sisi Baluba, mukwe hapeane hata mukono na mama mukwe, na haangalie mwili yake. Nikaomba kubadilisha. Mwalimu akasema: "Hapa hakuna mambo ya bukwe, iko bagonjwa tu. Ukikataa, unarudilia mwaka."

Mama akavuta kikwembe, akafunika uso. Nikamuosha polepole, macho chini, nikafunga kidonda. Nilipomaliza akamuita masœur, mutawa wa hopital, angali amejifunika: "Ule kijana, simujui. Mumuambie mikono yake ni mizuri."

Élise, ile kidonda nimeiona na macho ya masomo: ni mbaya sana. Kuja mbio, usingoje siku ya Mungu, siku ya yenga. Na ukimufikia, usimuambie kama unajua ni nani alimuosha; umuachie heshima yake.

Bwana yako mwenye usingizi,
Léon