Sakafu ya Jumba la Harusi Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, maana najua hata huko Mwanza umeniamkia kabla ya kufungua barua. Sisi hapa Matogoro wazima. Mama yako kawa mwalimu mkuu, nami natembea kifua mbele kama niliyeteuliwa mimi.

Unaniuliza kama nitaumia ukifanyia harusi yako kwenye lile jumba la zamani la mwenye shamba la tumbaku, kwa kuwa nilikuwa mtumishi pale. Ngoja nikusimulie siku yangu ya kwanza. Niliambiwa nitengeneze sakafu ya sebuleni. Nami, binti wa nyumba ya udongo, nikachota udongo laini nikaisiriba yote, saruji nyekundu ile, kama mama alivyonifunza. Mpishi akaingia, akashika kichwa. "We binti! Sakafu ya hapa haisiribwi, inabembelezwa!"

Tukaiosha. Tangu hapo, kila Jumamosi wasichana sita tulipiga magoti na nta na vitambaa, mpaka uone meno yako chini. Hakuna aliyenishinda. Wageni wakija walimsifu bwana, "Nyumba yako inang'aa!" naye anashukuru. Ndipo nikajua kwamba jumba lina wenyewe wengi kuliko wanaotajwa.

Kwa hiyo fanyia harusi pale pale, mjukuu wangu. Nitakuja na wenzangu wawili waliobaki, tuwekee viti vya mbele. Na mshereheshaji akianza kulisifia jumba, mwambie atuombe tusimame.

Ni mimi bibi yako, mzaa mama.