Nilivyompata wa Kuniwekea Pesa

Salma, mjukuu wangu,

Huku twashukuru. Bibi yako asema nakoroma, usimwamini.

Wauliza ufungue akaunti benki gani huko ugenini. Mimi nilipokuja Mombasa kutoka Ngazija, miaka ya vita, kijana mzuri hata jua lanionea haya, nalikuwa simjui mtu. Mshahara wa bandarini nikampa amana kidogo tajiri wa nguo, kidogo Bi Mwana, muuza mahamri wa mtaa wa Kuze. Kesho yake nikaenda kuzitaka pesa zangu.

Tajiri akanikunjia uso: "Kwani huniamini?"

Bi Mwana akasema, "Ngoja ninawe unga, mwanangu, nikupe."

Nikamwachia yeye zote.

Nawe weka kidogo kwanza, kisha kakitake. Watakavyokutazama siku hiyo, ndivyo watakavyokutazama siku ya dhiki.

Babu yako akupendaye, bado mzuri